Uvimbe Uliomjengea Shaame Jina

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeumba mwili wa mwanadamu na kukipa kila kiungo mahali pake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu, na jamaa zake, na kila anayeufuata mwendo wake kwa ukweli na si kwa kujionyesha.

Kwako mwanangu Hamad. Pokea salamu za baba yako, za mama yako, na za nyumba yote hii ya Tumbe unayoiacha kesho. Sote ni wazima, ila mmoja ambaye si mzima, na habari yake ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Wewe umetoka kwenda kuagana na watu, nami nimeona bora niandike kuliko kukusubiri, kwa kuwa tukikaa uso kwa uso utanijibu "Ndiyo, Baba, ndiyo, Baba," kama ulivyonijibu siku zote hizi, nami nitashikwa na hasira nikose maneno. Habari za nguo, za chakula, za kuchunga mzigo botini na za kutolala kwa watu usiowajua, mama yako amekwisha kukuusia mpaka majirani nao wamezihifadhi. Sina la kuongeza hapo. Langu ni moja. Kesho unapanda boti Mkoani kwenda Unguja kuanza kazi kwa Bwana Shaame, na umemchukua shangazi yako Bi Mize umpeleke kwa Shaame huyo huyo akamtibu uvimbe wa titi. Nataka ujue kwa nini mwanamke yule hapaswi kuukanyaga mlango ule, na kwa nini kazi uliyoipata inanichukiza kiasi kwamba nimeshindwa kukupa hongera ambayo hata watu baki wamekupa.

Namwita Bwana kwa adabu ya kalamu tu. Yeye mwenyewe jina hilo halimtoshi. Kwenye bango lake ameandika Daktari, akafuatisha Shehe, akamalizia na Tabibu. Mimi ujana wangu wote niliumaliza chuoni mbele ya walimu ambao hakuna hata mmoja aliyejiita mwanachuoni. Mtu akiwaita hivyo walikunja uso kama waliotukanwa. Huyu amejivika vilemba vitatu juu ya kichwa kisichobeba kitabu kimoja. Udaktari hakuusomea, ushehe hakupewa na mtu, na utabibu ameupata kwa sababu aliutaka.

Unakumbuka alipokuja hapa mara ya kwanza. Aliweka meza yake dikoni asubuhi, samaki wakipakiwa kwenye magari na baiskeli, pale ambapo watu hawakosi. Juu ya meza akapanga chupa za jamu zilizojaa spiriti, na ndani ya kila chupa kinyama kinaelea. Akatangaza kwamba hizo ni saratani, zimetoka zenyewe kwa dawa yake, bila ya kisu. Bi Saumu, muuza pweza, akainama akaitazama chupa ya mwisho, kisha akasema kwa sauti ya kulisikilizisha diko zima:

"We Shaame, saratani hii mbona ina mikono?"

"Hiyo ndiyo mizizi yake, bi mkubwa."

"Mizizi yenye vikombe vya kunyonyea! Mie nauza mizizi hiyo tangu n'na meno ya utoto. Hebu ikaange uniletee na ndimu."

Watu walicheka mpaka wapakiaji wakaangusha tenga. Shaame hakuona haya. Aliigeuza chupa ule upande wa mikono ukatazama kwake, akaendelea kuhubiri. Mimi nami nilicheka. Na kabla ya mwezi kwisha nikaenda kwa huyo mwenye pweza wa chupani kutibiwa. Ukitaka kujua mtu mzima aliyesoma anavyoweza kuwa mpumbavu, huna haja ya kusafiri. Ungebaki hapa nyumbani ukanitazama.

Mgongoni, chini kidogo ya bega la kushoto, nilikuwa na uvimbe tangu wewe hujazaliwa. Ulikuwa laini, na ukiubonyeza uliteleza chini ya kidole kama yai lililochemshwa na kumenywa. Haukuniuma. Ulikuwa ukikua, lakini kwa mwendo wa mtu asiye na safari, hata mama yako aliyekuwa akinisugua mgongo hakuweza kusema mwaka huu umezidi mwaka ule. Wala sikuuogopa. Kilichonisumbua ni kwamba watu walikuwa wakinitanguliza kusalisha, na niliporukuu nilihisi macho ya safu nzima yamekaa juu ya ile nundu iliyoinua kanzu yangu ya Ijumaa. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wangu hasa. Dawa yake haipatikani dukani.

Shaame aliubonyeza, akafumba macho kama anayesikiliza, akasema, "Saratani, Shehe. Imeshika mizizi. Ungechelewa kidogo tungekuwa tunapanga mengine." Akanipaka unga mweusi uliotiwa maji, ukanichoma siku na siku, ngozi ikaiva, ikaoza, ikatoka vipande. Nilinuka. Kisha kidonda kikafunga, nundu ikalala, kanzu ikanyooka. Ndipo akakutaka wewe ushike simu, akaniambia, "Sema, Shehe, kwa faida ya Waislamu."

Nami nikasema. Nikamhimidi Mola, nikataja kwamba dini yetu imetuamrisha kujitibu, kisha nikashuhudia kwamba nilikuwa na saratani na nimepona. Hamad, wewe umesoma mbele yangu. Nimewafundisha watoto wa mtaa huu masharti ya shahidi, kwamba hashuhudii ila aliyeona au aliyejua kwa yakini. Na mimi nikashuhudia kwa kuambiwa na mtu mwenye pweza ndani ya chupa. Sauti ile ikapita simu hadi simu, ikafika Fundo, ikafika Pujini, ikavuka ikenda Unguja. Watu walikuja kunipa mkono kama mtu aliyetolewa kaburini, nami niliupokea mkono. Shaame akahamia mjini akafungua nyumba, na mlangoni, umenieleza mwenyewe kwa furaha, sauti yangu hupigwa wanapoingia wagonjwa.

Haukupita muda mrefu ile nundu ikarudi, chini ya kovu lile lile. Nilidhani ni mauti yanarudi kuchukua yaliyosahau. Nikaandika wasia, nikaenda Chake hospitali bila ya kumwambia mtu ila mama yako. Daktari aliyenipokea ni binti mdogo kuliko dada yako mkubwa, mtoto wa wakulima wa mpunga. Aliniamkia, akanitazama mgongo, na la kwanza aliloniuliza ni hili: "Nani aliyekuchoma, Shehe?" Akanipiga picha, akavuta kidogo kwa sindano, akapeleka kupimwa. Niliporudi kwa majibu nilikuwa nimekwisha kusamehe watu wote walionikosea.

"Shehe, haya ni mafuta."

"Mafuta gani?"

"Mafuta ya mwili tu. Yamejikusanya pamoja yakajifanyia kifuko chao. Huna saratani. Na hukuwa nayo hapo mwanzo."

"Na yule aliyeniponya?"

"Amekuchoma ngozi, na mafuta yenyewe kayaacha humo humo. Ndiyo maana yamerudi." Kisha akaniambia neno ambalo hakulisema kwa ukali, na laiti angelisema kwa ukali ningepata pa kujishikia. "Sauti yako naijua, Shehe. Wagonjwa wangu hunisikilizisha wanapokataa kupasuliwa."

Nimeketi mbele ya walimu wengi maishani, na wengine walikuwa na bakora. Sikupata kupigwa kama pale.

Nilimuomba anifundishe tofauti, na akanifundisha kwa subira, nami nakuandikia wewe kwa kuwa nyuma ya mlango wa chumba chako limetundikwa koti jeupe ulilotumiwa na Shaame, na mwenye kuvaa koti lile watu watamuuliza. Alisema kwamba uvimbe wote ni nyama iliyokua mahali ambapo haikutakiwa kukua, lakini tabia zake si moja. Kuna ule usio wa saratani. Huo hukua polepole, aghalabu ndani ya ganda lake au mpaka wake ulio wazi. Huwasukuma majirani, hauwaingilii majumbani mwao. Ulipozaliwa ndipo unapokaa. Ukitolewa wote, kwa kawaida habari yake imekwisha. Hata huo si wa kupuuzwa kila mara, kwa sababu ukiota pabaya, kama ndani ya fuvu la kichwa, husukuma mpaka ukadhuru. Na uko mchache unaoweza kugeuka, ndiyo maana mwengine hufuatiliwa.

Na kuna ule wa saratani. Huo hauna mpaka unaouheshimu. Hujichimbia ndani ya nyama iliyo jirani mpaka huwezi kusema huu umeishia hapa na mwili umeanzia hapa. Na mbaya kuliko hilo, hutoa mbegu. Chembe zake huingia katika damu na katika mishipa ya maji ya mwili, zikaenda kuota kwapani, kwenye ini, kwenye mapafu, kwenye mifupa. Yule binti aliniuliza, "Kwenu mnalima mpunga?" Nikamwambia tunalima. "Basi ule wa kwako ni jiwe kondeni. Linakera, lakini msimu wa pili utalikuta pale pale. Saratani ni ndago. Unang'oa jani unafurahi, na chini ya udongo imeshatembea."

Nikamuuliza dalili, nikidhani nimeshakuwa mwanachuoni wa fani hii. Akanipa: ugumu, kutosogea, kukua kwa haraka, ngozi kuvutwa ndani, chuchu kugeuka au kutoa damu. Lakini akaniwekea mkono mezani kunizuia nisichukue elimu nusu. "Dalili hizi hunitia shaka tu, Shehe. Uko uvimbe unaosogea nao ni saratani, na uko mgumu nao si kitu. Mimi mwenyewe sikubaliani na kidole changu. Kinachokata shauri ni kipande kilichotolewa na kutazamwa kwa hadubini." Daktari aliyesoma miaka yote ile hakiamini kidole chake, na bosi wako anafumba macho, anabonyeza, anahukumu.

Niliporudi nilikwambia wewe wa kwanza. Ulikuwa barazani unapiga pasi shati. Nilikwambia nundu imerudi, na hospitali wamesema ni mafuta. Hukuuliza kama naumwa. Ulisema, "Baba, usiwaambie watu kwanza. Hata hospitali hukosea." Nimezigeuza kauli hizo kila upande kutafuta mahali pa kukupa udhuru, na udhuru niliouona ni kwamba ulikuwa umekwisha kupewa kazi.

Basi iangalie kazi yenyewe, maana wewe una akili na skuli umemaliza. Wengi wa wanaokwenda kwa Shaame hawana saratani. Wana mafuta kama mimi, au tezi, au vivimbe vya matiti ambavyo kwa wasichana aghalabu si vya kuua. Hao angewapaka unga wa sembe wangepona, kwa kuwa hawakuwa wanakufa. Hao ndio wanaomsifu. Hao ndio wenye sauti. Na yule mwenye saratani kweli, anayepakwa unga mweusi huku ndago inatembea chini ya udongo, huyo hufia chumbani kwake, amefungiwa milango kwa ajili ya harufu, na marehemu harekodiwi. Shaame akiulizwa husema, "Alivunja masharti, alikula ngisi." Amewakataza ngisi na pweza watu wa visiwani, akijua hakuna atakayeweza, ili siku ya siku lawama iwe juu ya mwenye kaburi. Nimekaa nikitafuta neno la kumuita mtu wa namna hii katika lugha mbili ninazozijua, na sikuliona lililo chini ya kiasi chake. Mwizi humwachia mtu maisha akatafute tena.

Wala usidhani dharau yangu yote nimemmalizia yeye. Yeye ni mmoja. Asingejenga nyumba kama sisi tusingemchotea mchanga. Kaa kwenye baraza yoyote ya mji huu, mtu akitaja uvimbe, utasikia: "Unauma?" "Hauumi." "Basi si kitu." Na waliosema wataendelea na kahawa yao, wameridhika kama makadhi waliotoa hukumu. Kumbe saratani nyingi haziumi mwanzoni. Zikianza kuuma, mlango umeshafungwa. Tumeliweka chozi la maumivu kuwa shahidi wetu, na shahidi huyu huja kesi ikiwa imekwisha. Kisha wako wale wa pili, wenye kauli ya chuma: kwamba uvimbe ukitiwa kisu au sindano huamka. Wameona watu wakapelekwa hospitali wakiwa wamechelewa, wakapasuliwa, wakafa, basi wakakishitaki kisu. Hakuna aliyekishitaki kile kipindi chote cha unga mweusi, na kombe, na kwenda kwa fulani na fulani. Mimi naandika makombe, aya za kuoshwa na kunywewa, na nitaendelea kuyaandika, kwa kuwa maneno ya Mola ni shifaa na sina shaka nayo. Lakini sijapata kumwambia mgonjwa anywe kombe asiende kwa daktari. Na anayesema hivyo kwa kulitumia jina la dini, dini imuombe Mola radhi kwa kumjua mtu huyo.

Sasa nije kwa shangazi yako.

Mama yako ndiye aliyeuona, walipokuwa wakioga kabla ya kupakana hina kwa arusi ya jirani. Bi Mize akamuapisha asiseme. Alikuwa nao tangu mfungo uliopita, haumuumi, na kwa hivyo kwa fatwa ya baraza haukuwa kitu. Ulipoanza kuivuta ngozi ndani ndipo akaingiwa na hofu, na hofu ikamkumbusha kwamba kaka yake alipona. Mama yako alimsihi aende Chake. Jibu alilompa ndilo lililonikalisha chini: "Hospitali wataniambia nivue. Shaame hataki kuniona. Ananipa kopo, najipaka mwenyewe chumbani kwangu."

Hiyo ndiyo biashara, Hamad. Ameijua haya ya wanawake wetu akaifanya duka. Na haya ile nani aliyewafundisha? Sisi. Nimefundisha sitara kwa miaka mingi na kwa sauti kubwa, mpaka wanawake wa mtaa huu wameona kufa ni kwepesi kuliko kufungua kifungo mbele ya daktari. Na hukumu ya dharura, ambayo imo katika vitabu vile vile na kurasa zile zile, niliipitia kwa haraka kama mtu anayekimbilia adhana. Sheria haikumtaka mwanamke afe amejifunika. Nalisema hilo leo, na nilikuwa na umri wote wa kulisema.

Jana jioni, wewe ukiwa Wete, alikuja kuniaga. Mkoba wake umefungwa, na ndani ya mkoba ameweka kopo la kuanzia alilotumiwa na Shaame. Nilianza kumueleza, akanikata.

"Kaka, mie n'shaamua. Ikiwa wewe ulipona, mie ni nani nisipone?"

"Sikupona, Mize. Sikuwa mgonjwa."

"Usinifanyie maneno ya chuoni. Ulisema mwenyewe. N'nayo kwenye simu, nikupigie?"

Niliona kwamba dhidi ya sauti yangu mwenyewe sina hoja. Nikavua koti, nikateremsha kanzu bega moja, nikampa mgongo.

"Toba! Mtu mzima na ndevu zako unavua nguo mbele ya dada yako! Wifi, mwone mumeo."

"Weka mkono, Mize."

Akacheka, akaweka. Kicheko kikakatika.

"Mbona limerudi?"

"Limerudi. Lisukume."

"Linakwenda." Akalisukuma tena, huku na huku, kama mtoto aliyepewa kitu cha kuchezea. "Linakwenda, Kaka. Laini."

"Ni mafuta. Tangu mwanzo yalikuwa mafuta."

Nikahisi mkono wake umetoka mgongoni mwangu. Nikajua unakwenda wapi, nikageuza uso nikatazama ukuta. Nilisikia bangili zake chini ya kanga, zikilia kidogo, kisha zikanyamaza. Mama yako aliacha kuchambua mchele.

"Langu haliendi," akasema.

Nikamwambia alichonifundisha yule binti: kwamba kutosogea si hukumu, na kwamba hata lingesogea nisingemwacha abaki nyumbani, lipimwe. Akauliza nani atakayemtazama. Nikamwambia tutaomba mwanamke. Akikosekana mwanamke, ni mwanamme, na hapana dhambi, na kama ipo niandikiwe mimi. Mama yako akamshika goti. Kisha Mize akatoa kopo mkobani akaliweka juu ya mkeka, na nilidhani sasa ataniuliza habari ya kisu, au ya kifo. Hakuuliza. Alisema:

"Na Hamad je? Keshamwambia bosi wake anakuja na mgonjwa. Ataonekanaje, siku yake ya kwanza?"

Huyo ndiye uliyekuwa ukimpeleka. Mama yako alipokuzaa alishikwa na homa mpaka tukakata tamaa, na maziwa yakakauka. Mize alikuwa na binti mchanga. Alikaa katika nyumba hii akakunyonyesha wewe kwanza, na kilichobaki akampa binti yake. Kwa sheria yetu yeye ni mama yako, na binti yake ni dada yako usiyeweza kumuoa. Ziwa lile unalijua kabla ya kujua jina lako, na umetaka kulipeleka kwa mwenye chupa za jamu liwe faida ya siku ya kwanza. Sijui kama ulilifikiri hivyo. Nadhani hukulifikiri kabisa, na hilo silioni kuwa afadhali.

Alitaka akwambie mwenyewe botini, kwa upole wake. Nimemkataza. Ni mimi niliyeieneza sauti ile, na ni wewe uliyeishika simu. Mambo haya yako juu yetu wawili, yeye hana haja ya kutubembeleza. Ijumaa baada ya sala nitasimama, nitawaambia watu kwamba nilikuwa na mafuta, na kwamba yamerudi, na atakaye kugusa aguse. Najua Shaame atasema nimerogwa au nimehongwa. Najua pia kwamba baada ya hapo kazi yako itakuwa ngumu. Nimekwambia mapema ili usije ukasema baba yako alikupiga kwa nyuma.

Sikukatazi kusafiri. Umri wako ni wako, na Unguja kuna kazi nyingine zisizohitaji mtu kufa kimya. Lakini tazama kitakachotokea kesho. Mtateremka botini, na mtu wa Shaame atakuwa getini na gari, kwa kuwa umekwisha kumpigia. Bi Mize hajui mji. Anasoma Qur'ani vizuri kuliko wewe, lakini maandishi ya milango ya hospitali hayasomi. Yule binti wa Chake, niliyemwendea leo asubuhi, ameandika karatasi ya kumpeleka hospitali kubwa, na mama yako ameishona ndani ya mkoba wa Mize. Mkoba utakuwa mkononi mwako. Unaweza kumkabidhi kwa mtu wa gari, na yeye, ninavyomjua, atapanda bila ya kukulaumu ili usitahayari mbele za watu. Hilo ndilo linaloniogopesha, kwamba atakufa kwa adabu. Au unaweza kupita na mkoba mbele ya lile gari, ukamshika mkono, mkaenda mkapange foleni. Pale dirishani watakuuliza huyu mama ni nani wako. Sitakuwapo kusikia utakavyowajibu.

Namuomba Mwenyezi Mungu aujaalie uvimbe wake uwe ule unaokaa mahali pake. Na ikiwa ni ule mwengine, basi awe ametukadiria kuukuta mapema, mikononi mwa wajuzi. Amfunike shangazi yako kwa sitara iliyo bora kuliko kanga zake. Akusamehe wewe, na anisamehe mimi niliyekutangulia katika kosa hili. Akufungulie riziki usiyoionea haya mbele ya mama zako wawili, aibariki nyumba utakayolala na waliomo ndani yake, na azirehemu nyumba zote za visiwa hivi zilizofunga milango kwa ajili ya mgonjwa wao. Amin.

Ni mimi baba yako, Tumbe.